Nyumba njema si mlango: Funzo la Bush House kwa wanaojifunza Kiingereza

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huo hunijia kila niwasikiapo wanafunzi wangu wa isimu wakilitaja jina la Bush House kwa unyenyekevu mkubwa, kana kwamba ndiko Kiingereza kilikozaliwa. Siwalaumu. Kwa miongo kadhaa matamshi ya watangazaji wa BBC yalifanywa kipimo cha usemi bora katika madarasa yetu. Ajabu ni kwamba wengi wanaolisifu jengo hilo huishia mlangoni.

Na mlango wenyewe, kwa hakika, unapendeza. Bush House ipo Aldwych, katikati ya jiji la London. Aliyeijenga hakuwa Mwingereza bali tajiri Mmarekani, Irving T. Bush wa New York, akifuata ramani ya msanifu Harvey Corbett. Ilifunguliwa mwaka 1925. Azma yake ilikuwa kuwaweka wafanyabiashara na bidhaa zao chini ya paa moja. Kufikia 1929 ilisemekana kuwa ndilo jengo lililogharimu fedha nyingi zaidi duniani, takriban pauni milioni 2. Juu ya lango zimesimamishwa sanamu mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani, na maandishi yaliyochongwa yasemayo kuwa jengo limewekwa wakfu kwa urafiki wa watu wanaozungumza Kiingereza.

Sasa tuingie ndani. Mnamo Desemba 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, bomu la Wajerumani liliharibu makao makuu ya BBC yaliyokuwa mtaa mwingine wa London. Mwaka uliofuata idhaa zilizotangazia Ulaya zikahamia Bush House. BBC haikulimiliki jengo hilo hata siku moja. Ilikuwa mpangaji tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja idhaa za nchi za ng'ambo. Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza kutangaza tarehe 27 Juni 1957, ikawa na makao yake humo kwa miaka mingi. Hivyo nyumba iliyowekwa wakfu kwa wasemao Kiingereza ikaja kuvuma kwa sababu ya wasemao Kirusi, Kiarabu, Kihausa, Kisomali, Kiswahili na lugha nyinginezo, ambazo kwa jumla zilizidi 40.

Je, aliyejua Kiingereza pekee angepewa kiti katika idhaa hizo? La hasha! Kazi ya mtangazaji ilikuwa kuichukua habari iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuifikisha kwa watu wake kwa lugha isiyowakwaruza masikio. Kiingereza kilimfungulia lango, lakini kilichompa kazi ni lugha ya mama yake. Tena lugha hiyo haikuwa jambo la mzaha. Georgi Markov, mwandishi wa Kibulgaria aliyefanya kazi humo, alichomwa sumu karibu na Daraja la Waterloo mnamo Septemba 1978, akafariki siku chache baadaye. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Makala yake redioni yaliwachoma watawala wa kwao kwa sababu wananchi waliyasikia kwa Kibulgaria. Lau angelisema hayo hayo kwa Kiingereza, nani huko Sofia angelijali?

Hata somo la Kiingereza lenyewe linatufunza. BBC ilianzisha mafunzo ya Kiingereza redioni mwaka 1943. Baadhi ya masomo hayo yalitolewa pamoja na maelezo kwa lugha ya msikilizaji. Wenye Kiingereza chao walitambua kuwa mtu hujifunza asilolijua kwa kusimama juu ya analolijua. Sisemi walifanya hisani. Idhaa hizo zilidhaminiwa na serikali ya Uingereza kwa maslahi yake. Lakini hata mwenye kutafuta maslahi yake hakuona faida ya kumnyang'anya mwanafunzi lugha yake kwanza.

Sisi tulifanya nini? Katika shule nyingi nchini mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili au lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akapitisha siku akiwa kichekesho. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira itumike kufundishia madarasa ya chini. Katiba ya 2010 nayo ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, zipo shule ambazo mpaka leo Kiswahili huruhusiwa wakati wa kipindi chake tu.

Najua mzazi atanijibu kuwa Kiingereza ndicho chenye mkate. Simpingi. Mimi pia naula mkate huo, na ningependa mwanawe aule. Ninalopinga ni dhana kwamba ili lugha moja iingie sharti nyingine itimuliwe. Mtoto asiyeweza kupanga hoja katika lugha yoyote hatakuwa mtangazaji, wakili wala daktari wa kusikilizika, hata akiyabana matamshi namna gani.

BBC iliondoka Bush House mnamo Julai 2012, na sasa humo husomea wanafunzi wa King's College London. Maandishi ya langoni yangalipo. Mwanafunzi wangu akijaliwa kufika huko, na ayasome, kisha akumbuke kazi iliyofanywa nyuma yake. Na mwalimu wa Kiingereza aliye darasani leo, neno likimshinda mtoto, asione haya kulieleza kwa Kiswahili.