Ubingwa wa 1988 si ndoto



Wanaotucheka mashabiki wa Coastal Union ya Tanga kwa kuukumbuka ubingwa wa ligi wa 1988 hawajiulizi ubingwa ule unathibitisha nini. Watasema soka la leo ni fedha, na kweli Azam walitwaa taji la 2014 wakiwa na tajiri nyuma yao. Lakini hata enzi zile Simba na Yanga ndizo zilizokuwa na umati nchi nzima, na bado Tukuyu Stars walibeba kombe 1986, na Coastal, Wagosi wa Kaya, wakafuata 1988. Kilichowabeba ni watu wa kwao. Sisi wa pwani, kuanzia Bagamoyo, Pangani hadi Tanga, tukinunua jezi za klabu za Dar es Salaam pekee, tusiilaumu fedha. Uwanja wetu wa Mkwakwani unatungoja, wapenzi wa Coastal, na msimu haujaisha.

Shabiki wa Coastal,
Bagamoyo