Biharusi Afunzwe na Oili ya Difu



Somo humfunza biharusi mengi: kufukiza udi, kusinga, kupika, kupokea jamaa za mume. Mimi nasema, kama nyumba anayokwenda ina gari, aongezewe jambo moja: kubadilisha oili ya giaboksi na ya difu, au angalau asimame aione inabadilishwa uani kwake. Najua wengine mmeshacheka. Chekeni, kisha mnisikilize.

Oili ya injini kila mtu anaijua. Hizi mbili hazikumbukwi mpaka gari ianze kulia. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, kwa gari zinazosukumwa kwa nyuma. Ndani yake meno yanasagana, na kinachoyakinga ni oili tu. Ikipungua au ikichakaa, chuma kinakula chuma. Wengi wetu tunafanya biashara kwa gari moja. Mimi nguo za harusi nazipeleka mpaka Makunduchi na Nungwi kwa Noah ya zamani, na siku ikilala njiani kuna mtoto wa watu anangojea shela.

Halafu kuna suala la amana. Mteja wangu mmoja ana Vitz ya kuvuta kwa mbele. Gereji moja ilimwandikia bei ya oili ya giaboksi, na chini yake bei ya oili ya difu. Akalipa zote mbili. Gari ile haina difu ya peke yake nyuma. Difu yake imo ndani ya giaboksi na oili ni moja. Mjane yule, ana watoto watatu, pesa zile zilikuwa za ada. Kwenye ushoni pia ni hivyo: anayejua kitambaa haibiwi mita. Fundi mwaminifu hachukii ukimuuliza, na hao wapo wengi, Alhamdulillah.

Sasa kazi yenyewe. Gari itembezwe kidogo ipate joto, oili iwe nyepesi. Ikae pahala tambarare, na kama unainua, inua mbele na nyuma ilale sawa, la sivyo kipimo kitakudanganya. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Hapo sina mzaha.

Anza kufungua boliti ya kujazia, iliyo juu, kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha ya juu ikagoma kufunguka, gari haitoki hapo. Oili ikishatoka itazame. Mara nyingi boliti ya chini ina sumaku: unga laini wa chuma ni jambo la kawaida, vipande vya meno ni habari mbaya. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hilo hutokea sana kwa wanaopita madimbwi ya masika. Funga boliti ya chini, jaza kwa mpira na faneli au bomba la mkono mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, kisha funga kwa washa mpya. Giaboksi ya gia za mkono nyingi hufanywa hivyo hivyo.

Aina ya oili ndiyo wanapokosea wengi. Difu nyingi hutaka yenye alama GL-5. Giaboksi ya mkono mara nyingi hutaka GL-4, kwa sababu ndani yake mna pete za shaba ambazo GL-5 inaweza kuzidhuru. Ya otomatiki inatumia haidroliki. Vitabu vya gari zetu za Japani viko kwa Kijapani, lakini kwenye Toyota nyingi za zamani kijiti cha kupimia chenyewe kimeandikwa aina, kwa mfano T-IV. Ukimwaga haitoki yote, nyingine hubaki ndani. Basi pima iliyotoka, rudisha kiasi kile kile, kisha soma kijiti gari ikiwa ya moto, injini inawaka, gia ipo P. Gari za CVT zina haidroliki yake maalumu na nyingi hazina kijiti. Hizo mwachie fundi, wewe simama tu uone anachomimina.

Kuna watakaosema mwanamke kulala chini ya gari ni kukosa stara. Mimi naona stara inavunjika zaidi ukisimama gereji saa tatu katikati ya wanaume usiowajua. Uani kwako, mlango umefungwa, suruali na dera kuukuu, ushungi umebanwa usining'inie. Mume akikupa spana, kheri zaidi.

Oili chafu usiimwage uani wala mtaroni. Maji tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya ardhi, na jiwe letu la matumbawe linapitisha kila kitu. Itie kwenye dumu, ipelekwe kwa gereji inayokusanya.

Na maharusi, fanyeni kabla ya wiki ya hina na mvae glavu. Oili ya difu ina harufu nzito ambayo sabuni ya siku moja haiiondoi, na mimi siku hiyo sigusi kabisa kitambaa cheupe cha mtu.