Kitabu cha Sikio Nacho Kiulizwe Isnadi

Imekuwa ada katika baraza zetu, kila atajwapo mtu anayesikiliza vitabu badala ya kuvishika mkononi, kutokea mmoja wa kukunja uso na kusema: "Huyo hasomi, huyo anasomewa." Kauli hiyo hutolewa kwa uhakika kana kwamba ina dalili nyuma yake, na hupokewa kwa kicheko. Sisi tunaipinga. Kisha, tukishaipinga, tutawageukia walioko upande wa pili, wale wanaosikiliza hadithi za upelelezi, hekaya za nchi zisizokuwepo na historia za vita usiku na mchana pasi na kuuliza lolote, kwani hao kosa lao ni kubwa zaidi.

Mwenye kudharau usikilizaji amesahau elimu anayojinasibisha nayo. Wanazuoni wa hadithi walipozipanga njia za kupokea riwaya kutoka kwa sheikh walizihesabu nane, na iliyo juu kuliko zote kwa rai ya wengi wao ni samaa, yaani kumsikia sheikh kwa masikio yako. Kukabidhiwa daftari kuko chini yake. Kuandikiwa barua kuko chini yake. Na njia ya mwisho kabisa ni wijada: mtu kukuta maandishi ya mwingine na kuyasoma peke yake bila kumsikia mwenyewe. Basi yule ambaye barazani ndiye "msomaji" wa haki, kwa mizani hiyo yuko mkiani! Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245), hakuishia kwenye daraja tu. Alijadili hali ya msikilizaji anayeandika huku anasikiliza, hali ya anayezungumza, na hali ya msomaji anayeharakisha hata maneno yakampotea msikilizaji. Na katika nuskha za Damascus zimebaki hadi leo orodha za waliohudhuria visomo, wanaume, wanawake na watoto, na aliyekosa sehemu ya kitabu iliandikwa kwamba sehemu hiyo ameikosa.

Hatusemi, wala asitusingizie mtu, kwamba riwaya ya mauaji ya kubuni ina hadhi ya hadithi ya Mtume (s.a.w.). Tunasema kuwa sikio ni mlango wa elimu wenye heshima ya kale, na kwamba waliouheshimu waliuwekea masharti. Masharti hayo ndiyo tunayoyataka.

Tena kitabu cha sauti hakikuzaliwa kwa ajili ya wavivu. Kilizaliwa kwa ajili ya vipofu. Nchini Uingereza, taasisi ya taifa ya vipofu pamoja na St Dunstan's, jumuiya iliyowalea askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza, zilianza kuwapelekea watu vitabu vilivyorekodiwa katika santuri mwezi Novemba 1935. Wengi wa askari hao walipoteza macho wakiwa watu wazima, na vidole vilivyozoea bunduki havikujifunza maandishi ya nukta kwa wepesi. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vilivyorekodiwa vilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, kilichotoka mwaka 1926, na Typhoon cha Joseph Conrad. Zingatia, ndugu msomaji: hadithi ya upelelezi ilikuwa katika msafara wa kwanza, na wasikilizaji wake walikuwa majeruhi wa vita. Atakayecheka tena kwamba fulani anasomewa, na ajue anamcheka nani.

Kitabu hicho cha Christie kinafaa kuwa kipimo. Msimulizi wake ni daktari wa kijiji, naye husema "mimi" tangu ukurasa wa kwanza. Ustadi wote umo katika uteuzi wa maneno: sentensi chache zinapita upesi, na ndani yake kuna pengo la dakika kadhaa ambalo msikilizaji halioni. Mwisho wake hatuutoboi. Tunalosema ni kuwa msomaji wa kitabu cha namna hii yuko mtihanini. Akiipa sauti yake kivuli cha hila mapema, amekiua kitabu. Akisoma kwa uaminifu, neno kwa neno, bila kukonyeza, amemtendea haki mwandishi na msikilizaji. Wako wasomaji waliozoea kumvalisha kila mhusika sauti ya kinyago: mwovu akoroma, mpole alie. Sisi hatuwapendi. Hadithi ya upelelezi ambayo mhalifu wake hujulikana kwa koo haihitaji mpelelezi.

Kwa upande mwingine, sikio lina faida hapa ambayo jicho halina. Anayeshika kitabu hufunua ukurasa wa mwisho kwa siri. Anayesikiliza hulazimika kungoja.

Lakini lipo jambo la kukemea. Mwaka 2017 mwigizaji Stephen Fry alitoa usomaji wa hadithi zote za Sherlock Holmes, sitini kwa idadi, kwa zaidi ya saa 70. Ni kazi kubwa, na visa vifupi vya mkusanyiko huo vinafaa sikio kuliko kitu chochote tukijuacho katika fani hiyo. Ndani yake imo The Sign of Four ya mwaka 1890, na ndani ya hiyo yumo mtu wa visiwa vya Andaman aitwaye Tonga, ambaye Conan Doyle amemchora kama mnyama mwenye mishale ya sumu, asiye na hoja wala huzuni. Dharau hii ni ya mwandishi na ya dola yake. Ila msomaji wa karatasi hukutana nayo macho makavu. Anaweza kusimama, akarudi nyuma, akaweka alama pembeni. Msikilizaji hukutana nayo mikono ikiwa kwenye usukani au kwenye kitunguu, tena kwa sauti tamu, yenye adabu, ya mtu ambaye amekaa naye saa arubaini na anamwamini. Sauti nzuri ni tazkia. Humpa mwandishi cheti cha uadilifu ambacho pengine hakukistahiki.

Tukija kwenye hekaya za ajabu, tunakuta ukali wa ndugu zetu umeelekezwa pasipo mahali pake. Husema: huo ni uongo, mazimwi na pete za uchawi, muda umepotea. Tunawauliza: Utendi wa Ras al-Ghuli mnaousikiliza kwa mahadhi, wenye majini na mapigano yasiyo na asili katika sira, ni nini? Kisa hicho katika Kiarabu hunasibishwa na Abu al-Hasan al-Bakri, mtu ambaye al-Dhahabi alimtangaza kuwa ni mwongo mtungaji. Kimekaa barazani na majumbani kwa miaka mingi kikidhaniwa kuwa ni historia ya Masahaba. Baina ya anayesema "hii nimeibuni" na anayebuni kisha akawabandikia watu wema, ni yupi mwenye kosa? J.R.R. Tolkien hakumdanganya mtu. Alipigana katika Somme mwaka 1916, akaona alichokiona, na alipoandika The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, hakuna aliyeambiwa kuwa nchi ile ipo kwenye ramani.

Kitabu hicho kilisomwa chote na Rob Inglis mwaka 1990, kwa zaidi ya saa 50, na nyimbo zilizomo akaziimba mwenyewe. Huo ndio usomaji. Mchezo wa redio wa BBC wa mwaka 1981, vipindi 26 vya nusu saa, ni kazi nzuri, ila ni saa 13 tu. Aliyeusikia amesikia mchezo, hajakisikia kitabu. Vivyo hivyo vitabu vilivyopunguzwa na wauzaji ili vienee katika kanda chache. Wapo wanaobishana juu ya kitabu ambacho robo tatu yake hawajapata kuisikia, na laiti wangekuwa Damascus ya zamani wangeandikiwa pengo mbele ya majina yao.

Wala hatumsafishi Tolkien kwa kila kitu. Watu wa kusini, weusi, wapanda ndovu, wamewekwa katika jeshi la adui. Hata hivyo yupo mtumishi mmoja katika kisa anayeuona mwili wa askari wa kusini na kujiuliza kama kweli alikuwa mwovu, na ni uongo gani uliomtoa kwao. Sentensi hizo chache tungependa kila msomaji azisome taratibu. Rafiki yake C.S. Lewis, katika The Horse and His Boy ya mwaka 1954, aliwavika watu wake wabaya vilemba na majambia, akawapa jangwa na majigambo, na mtoto wa Kiislamu anayekisikiliza kitabu hicho huko London au Mombasa hahitaji kuambiwa nani amekusudiwa kufanana naye. Asikatazwe kukisikia. Akae na mkubwa atakayemuuliza maswali.

Uzito wa maneno yetu, hata hivyo, uko kwenye historia ya vita, kwani hapo hakuna tena kusema "nimebuni".

Kwanza ramani. Kitabu cha vita kwa karatasi kina michoro ya mito, reli na mistari ya majeshi. Kikifika sikioni hubaki na majina ya vijiji na namba za divisheni zikimiminika kama orodha ya mnada. Barbara Tuchman katika The Guns of August, cha mwaka 1962, ameandika kwa lugha inayobebeka kwa sauti, ila hata yeye huwezi kumfuata Ubelgiji bila karatasi mbele yako. Anayesikiliza historia ya vita bila ramani husikia kelele tu, na akiongeza mwendo wa sauti mara mbili, kama wafanyavyo vijana wetu kwa kujifaharisha kuwa wamemaliza vitabu vitano kwa wiki, basi Ibn al-Salah amekwisha kuwajibu.

Pili, ni nani anayehesabiwa. Kitabu hicho cha Tuchman kinahusu mwezi wa kwanza wa vita, na macho yake yako Ulaya na Bahari ya Kati. Ilhali katika siku hizo hizo, tarehe 7 Agosti 1914, risasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya askari wa jeshi la Uingereza ilifyatuliwa Togo na Alhaji Grunshi, askari wa kikosi cha Gold Coast. Ni wangapi kati ya waliozisikiliza historia za vita hivyo kwa mamia ya saa wanaolijua jina lake?

Na kwetu je? Simulizi nyingi zikifika Afrika Mashariki hutua Tanga, Novemba 1914, ambako askari wapatao elfu nane wa Kiingereza na Kihindi walishindwa na watu kama elfu moja wa Lettow-Vorbeck. Hapo nyuki wataletwa. Nyuki wa Tanga walioshambulia majeshi ni kisa kitamu, msikilizaji hucheka, msomaji hufurahi. Kisha Lettow-Vorbeck atasifiwa kuwa jemadari asiyeshindwa, hadi kusalimu amri kwake Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili hupewa aya moja, wakipewa. Kwa upande wa Waingereza pekee makadirio ya waliokufa yanazunguka laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Vijiji vilivyonyang'anywa chakula na majeshi yote mawili havina hata aya hiyo. Nyuki wamepata wasimulizi kuliko watu!

Hili si lalamiko letu peke yetu. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti yake mwezi Aprili 2021, ikakiri kuwa waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo mwandishi wa historia ya vita hivyo hana udhuru tena, na msikilizaji ana haki ya kuuliza. Ajabu ni kwamba riwaya imetangulia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, katika Afterlives ya mwaka 2020 amewapa askari na wenyeji wa pwani majina, wake na majeraha, ilhali wengi wanaojiita wanahistoria wamewapa namba.

Limebaki jambo la msomaji mwenyewe. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2023 kampuni ya Apple imeuza vitabu vinavyosomwa na sauti za mashine, na wengine wamefuata. Hueleza wazi kuwa sauti ni ya mashine, hilo tunawashukuru. Lakini tunauliza swali la wahadithi: nani amekusomea? Mashine haijui kwamba Tonga ametukanwa. Haijui sentensi ya daktari ina pengo. Itayasoma majina ya Tabora na Mahenge kama asomavyo mtu aliyefumba macho, na idadi ya wapagazi waliokufa kwa pumzi ile ile iliyosomea bei ya risasi. Kwa hiyo tunawaomba wanaovinunua vitabu hivi, na wanaovirekodi kwa Kiswahili, waandike mambo matatu juu ya kila kitabu: jina la aliyekisoma, kama ni kizima au kimepunguzwa, na ramani inapatikana wapi.

Dar es Salaam ina sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, isiyo na orodha ya majina ya waliokufa. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kariakoo, palipoitwa hivyo kwa kambi ya kikosi cha wapagazi. Makonda hulitangaza jina hilo kutwa nzima.