Izime Kompyuta ya Nyumbani: Majibu kwa Wanaoiacha Ikiwaka

Zipo nyumba Igoma ambazo kompyuta ya mezani haizimwi. Mwenyewe anapanda daladala asubuhi kwenda mjini, mashine inabaki ikiwaka mpaka arudi, eti huenda akahitaji faili lililomo. Sababu zinazotolewa nimezisikia mara nyingi. Nazijibu moja baada ya nyingine.

"Umeme inaokula ni kidogo tu." Kompyuta ya mezani isiyofanya kazi yoyote hula wati 60 hivi. Iache saa 16 kwa siku, imekula karibu uniti moja; kwa mwezi ni uniti 29. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mteja wa T1 (kundi la matumizi ya kawaida) hulipa shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo huifikisha 356. Hapo zimepotea zaidi ya shilingi 10,000. Mteja wa D1 (kundi la matumizi madogo ya nyumbani) anaumia kwa namna nyingine: bei yake nafuu ya shilingi 100 kwa uniti inaishia kwenye uniti 75 kwa mwezi, na mashine hiyo peke yake imekwisha kumega zaidi ya theluthi.

"Kuiwasha kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha." Si kweli. Hata ikivuta wati 150 kwa dakika nzima ya kuwaka, umeme huo ni sawa na wa dakika mbili na nusu za kukaa bure.

"Kuzima na kuwasha kunaiua." Diski kuu za mezani kwa kawaida hutengenezwa zihimili kuwashwa na kuzimwa mara 50,000 au zaidi. Ukiiwasha mara mbili kila siku, utahitaji zaidi ya miaka 60 kufika huko. Hatari kubwa zaidi ni umeme kukatika ghafla wakati mashine inaandika faili, na mashine iliyozimwa haimo katika hatari hiyo.

"Skrini seva inatosha." Picha zinazocheza kwenye kioo hazipunguzi umeme. Kioo bado kinawaka, na kompyuta inafanya kazi ya kuzichora.

"Nikiizima sitaweza kuifikia nikiwa mjini." Hili ndilo dai kubwa, na jibu lake lipo tangu miaka ya 1990: Wake-on-LAN. Zima kompyuta, kisha tazama nyuma yake pale unapochomeka waya wa mtandao. Kwenye mashine nyingi utaona taa ndogo bado inawaka. Kadi ya mtandao iko macho kwa umeme mdogo sana, mara nyingi wati moja au mbili. Ikipokea ujumbe maalumu wenye anwani yake iliyorudiwa mara 16, huiamsha mashine. Washa kipengele hicho kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), tumia waya badala ya Wi-Fi, na usizime swichi ya ukutani. Ukimaliza kazi, izime kwa programu ileile uliyotumia kuingia ukiwa mbali.

"Intaneti yangu ni ya laini ya simu." Ni kweli, laini nyingi za simu haziruhusu ujumbe kutoka nje uingie moja kwa moja. Basi acha nyumbani simu ya zamani ya Android iliyounganishwa na ruta. Ingia kwenye simu hiyo ukiwa mbali, nayo itume ujumbe ndani ya mtandao wa nyumbani. Simu na ruta zitakula umeme, lakini ruta nyumba nyingi huiacha ikiwaka hata hivyo, na simu haifiki popote karibu na wati 60. Iwekee simu hiyo nywila imara.

"Umeme wetu unakatika." Unakatika, na baada ya hapo baadhi ya kompyuta hazisikii tena ujumbe mpaka ziwashwe kwanza. Kwenye BIOS nyingi kuna mpangilio wa kuifanya kompyuta ijiwashe umeme unaporudi. Uchague, kisha iamuru ijizime baada ya muda ikiwa haina kazi. Ukiwa na UPS, ni bora zaidi.

Jumamosi hii jaribu ukiwa bado nyumbani: izime, iamshe kwa simu, izime tena. Ikikubali, Jumatatu ondoka ukiwa umeizima, na mwisho wa mwezi linganisha uniti zako za LUKU.