Kuku Wadogo wa Maonyesho

Wako watu wasemao ya kuwa kufuga kuku wadogo ni kupoteza nafaka bure. Huuliza, "Kuku asiyejaza chungu ana faida gani? Na yai lake litamshibisha nani?" Maneno haya yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Mimi naona ya kuwa kijana anayemlea kuku mdogo vema, mpaka akaweza kumpeleka kwenye maonyesho, hujifunza uangalifu, subira na uaminifu. Lakini liko sharti moja: uhai wa kuku utangulie, zawadi ifuate nyuma. Asiyekubali sharti hilo ni afadhali asianze.

Kwanza na tujue asili ya kuku hawa. Magharibi ya kisiwa cha Java uko mji wa pwani uitwao Banten, ambao Wazungu wa zamani waliuita Bantam. Ulikuwa bandari kubwa ya pilipili manga, na mwaka 1603 Waingereza waliweka ghala yao hapo. Mabaharia waliotoka pande zile walirudi na kuku wadogo, na watu wa Ulaya wakawaita kwa jina la mji ule. Siku hizi jina la bantamu hutumika kwa kuku wadogo wote, hata wale ambao asili yao si Java. Msomaji anayemjua kuchi, yule kuku mrefu wa pwani yetu, na afikiri kinyume chake.

Katika Uingereza ya zamani majogoo walishindanishwa kwa kupigana mpaka damu imwagike. Sheria ya mwaka 1835 ilikataza mchezo huo mkali. Mwaka 1845 yalifanywa maonyesho makubwa ya kuku katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1865 kikatolewa kitabu cha kueleza sifa za kila kabila la kuku, ili waamuzi wapime kwa kipimo kimoja. Basi ushindani uliokuwa wa damu ukawa wa uzuri na matunzo. Je, haya si maendeleo mema?

Mfano bora wa kazi hiyo ni Sir John Sebright, aliyezaliwa mwaka 1767 na kufa mwaka 1846. Alichanganya na kuchagua kuku kwa miaka mingi, mpaka akapata kabila la kuku wa uzito wa gramu 600 hivi, ambao kila unyoya wao umezungushiwa ukingo mweusi, kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Hata leo kabila hilo huitwa kwa jina lake. Uzuri ule haukupatikana kwa bahati. Ulipatikana kwa macho yasiyochoka.

Sasa, wewe unayetaka kuanza, ufanyeje? Chagua kabila moja tu. Anayeanza na makabila matano hamjui hata mmoja wa kuku wake. Nunua jogoo mmoja na mitetea wawili kwa mfugaji anayekuruhusu kuwatazama wazazi wao. Mimi ningemshauri mwanzoni achukue kuku wa Pekin, ambao asili yao ni China. Hao ni wapole, wana manyoya mpaka vidoleni, na koo wao hupenda sana kuatamia. Lakini kwa sababu ya manyoya yale ya miguuni, huhitaji mahali pakavu. Matope huwaharibu upesi.

Banda liwe tayari kabla kuku hawajaja. Liwe kavu, lenye kupitisha hewa, wala lisiwe na upenyo wa panya au paka wa mwitu. Juu ya uwanja weka wavu, maana mwewe hapendi kitu kuliko kuku mdogo. Wape nafaka, majani mabichi, changarawe za kusagia chakula, na maji safi kila siku. Wawekee vumbi kavu la kuogea, kwa kuwa ndiyo dawa yao wenyewe ya kupunguza utitiri. Tena, wahenga walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Nawe mweke kila kuku mgeni peke yake kwa muda wa wiki nne, umwangalie, asije akawaletea wenyeji ugonjwa. Kideri kikiingia bandani hakiulizi nani ni wa maonyesho na nani ni wa mchuzi. Kwa hiyo kuku wote wapewe chanjo kwa wakati wake.

Koo akitaka kuatamia, mwekee mayai 6 au 8. Kuku wa kawaida hutotoa kwa siku 21. Mayai ya bantamu mara nyingi huanguliwa siku ya 19 au ya 20. Hapo ndipo subira huanza. Pora na tembe wachanga hawaonyeshi uzuri wao wote mpaka miezi imepita, na mwenye haraka humwuza yule ambaye angekuwa bora kuliko wote.

Maonyesho yakikaribia, mzoeze kuku wako kukaa katika kizimba kidogo na kushikwa kwa mikono, ili mbele ya mwamuzi asimame kwa utulivu. Siku mbili tatu kabla, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, umsuuze, umkaushe mahali pasipo upepo. Safisha miguu yake, upake mafuta kidogo kwenye upanga wake. Mwamuzi hutazama umbo, upanga, macho, miguu, rangi na afya. Wako watu wanaong'oa unyoya wenye kasoro, au wanaotia rangi pasipokuwa na rangi. Huo ni wizi. Mwamuzi akiugundua, kuku huondolewa. Asipougundua, mwenyewe anajua. Kizuri chajiuza, lakini kilichopakwa rangi humwuza bwana wake.

Sasa nimefika kwenye jambo zito. Liko kabila la kuku wa Kijapani, wenye mkia ulioinuka juu na miguu mifupi hata tumbo karibu liguse chini. Hupendwa sana katika maonyesho. Lakini ufupi ule wa miguu una siri. Jogoo wa miguu mifupi akipandishwa na mtetea wa miguu mifupi, katika kila mayai manne yenye mbegu, kwa wastani kifaranga mmoja hufa ndani ya ganda kwa kuwa amerithi ufupi ule kwa baba na kwa mama. Wawili hutoka na miguu mifupi, na mmoja na miguu mirefu. Huyu wa miguu mirefu hapati zawadi, na wafugaji wengine humtupa.

Watu husema, "Wengi wa hao hufa siku za kwanza kabla hawajaumbika, tena, mayai mangapi huharibika bure?" Ni kweli. Lakini yai lililoharibika kwa bahati ni jambo moja, na yai ulilojua tangu mwanzo ya kuwa huenda likawa kaburi ni jambo jingine. Nayo njia ipo. Ukimpandisha mwenye miguu mifupi na mwenye miguu mirefu, hapana kifaranga afaye kwa sababu hiyo. Nusu hutoka wafupi, nusu warefu. Kati ya vifaranga walioanguliwa, wa kuonyesha watakuwa sehemu ndogo zaidi, ila ganda halitaficha maiti uliyoitengeneza mwenyewe. Mfugaji afanyaye hivyo, mimi namhesabu kuwa ameshinda hata kabla ya kufika mbele ya mwamuzi. Na yule arefu aliyedharauliwa ndiye aliyeokoa nyumba.

Vilevile, usisahau ya kuwa karibu nusu ya vifaranga wote ni majogoo, na banda dogo haliwezi majogoo kumi. Kabla hujaweka mayai chini ya koo, ujue majogoo watakwenda wapi: kwa jirani, sokoni, au chunguni. Kumla kuku uliyemlea vizuri si aibu. Aibu ni kumwacha msituni aliwe na mwitu, au kumsahau kizimbani akapigana na wenziwe.

Basi, watoto, mkitaka kufuga kuku wa maonyesho, fugeni. Kuku mdogo hala sana, hahitaji shamba, na mtoto aweza kumtunza mwenyewe. Lakini kumbukeni, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Kikombe cha ushindi huwekwa rafuni kikapata vumbi, kuku ni kiumbe mwenye uhai, naye asubuhi hungoja maji kwako, umeshinda au umeshindwa.