Waranti ya gari la umeme: tununue karatasi au tuchunguze betri?



Ndugu wasomaji, hivi karibuni baada ya swala ya Isha, mzazi wa mwanafunzi wangu hapa Kampala alinijia na karatasi mkononi. Alikuwa ameona Nissan Leaf ya mwaka 2018, iliyotumika Japani na kupitia Mombasa. Muuzaji alimwambia aongeze shilingi milioni mbili apate waranti ya mwaka mmoja. "Ustadh," akaniuliza, "nitie sahihi au niache?" Fedha hizo alizipata kwa kuuza kiwanja, na ana watoto watano.

Tukaisoma pamoja. Ukurasa wa kwanza uliahidi mengi. Wa pili, kwa herufi ndogo, ulisema kuwa betri kupungua nguvu kwa matumizi hakumo. Sasa gari la umeme ni nini bila betri? Hiyo ndiyo sehemu ya ghali kuliko zote.

Wengine watasema kiwanda nacho kilitoa waranti ya betri. Ni kweli, kwa Leaf hiyo kule Japani ilikuwa miaka 8 au kilomita 160,000. Lakini ahadi hiyo ilitolewa kwa soko la kule. Gari likishavuka bahari kwa mkono wa mfanyabiashara, usiitegemee.

Ama upande wa sheria, tutofautishe. Dhamana iliyomo ndani ya bei ya gari ni sehemu ya mauzo, na wanazuoni wengi hawaoni tatizo. Lakini kulipa fedha za ziada kwa jambo ambalo huenda likatokea au lisitokee, wengi wao wameifananisha na bima ya biashara, ambayo baraza la mafakihi lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliiharamisha kwa sababu ya gharar. Wapo walioruhusu mkataba wa matengenezo yanayojulikana, kwa mfano kukaguliwa gari mara kadhaa kwa mwaka. Karatasi ile haikuwa hivyo.

Watoto madrasa huwa nawasimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kukificha chini kilicholowa. Ndugu zangu, gari lililooshwa likang'aa ni juu ya rundo. Betri ndiyo chini.

Basi tie mkono. Leaf ina vijistari 12 vya kuonyesha uzima wa betri, lakini cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15. Kwa hiyo usitosheke na kuviona vyote vinawaka. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye gari, na programu ya simu iitwayo LeafSpy inakusomea hali ya betri kwa asilimia. Mwombe fundi anayejua akusaidie. Kisha lichajiwe likajae, ulipandishe vilima vyetu hivi, uone linafika wapi. Betri ya Leaf hiyo hupozwa kwa hewa tu, haina maji ya kuipoza, na joto huizeesha.

La mwisho, dini yetu imetupa khiyari. Andikianeni sharti la siku tatu: kasoro ikionekana, gari lirudi na fedha zirudi. Hii hailipiwi hata senti.

Yule mzazi alikwenda kuliomba sharti hilo. Muuzaji alilikataa. Mwaka mzima wa waranti alikuwa tayari kuuuza, lakini siku tatu za khiyari hakuwa tayari kuzitoa. Tulielewa, na kiwanja cha watu hakikupotea.

Nanyi wauzaji, semeni kasoro kabla hamjaulizwa. Baraka ya biashara imo humo. Allah atujaalie tuwe wakweli katika kuuza na kununua.

Wabillaahi tawfiiq.