Godoro Nyuma ya Nyumba



Jambo la juma hili si la kusomwa kwa sauti mbele ya wageni. Lisome kwanza peke yako. Kisha, kama nyumbani kwako yupo mtu linalomhusu, liache gazeti mahali atakapoliona, ukurasa huu ukiwa juu, nawe ujiendee zako shambani bila kusema neno.

Katika nyumba nyingi kuna godoro linaloanikwa nyuma ya nyumba, si mbele. Hutolewa mapema, kabla majirani hawajapita kwenda kuteka maji. Mwenye godoro hilo si mtoto mchanga. Ni mvulana aliyekwisha kuota ndevu, au msichana anayekaribia kuposwa, au hata mtu mzima mwenye shamba lake. Kila usiku hulala na hofu, na asubuhi nyingi huamka amelowa.

Hebu fikiri kijana wa miaka 15 aliyefaulu mtihani, akachaguliwa kwenda shule ya bweni. Nyumba nzima yafurahi, na mbuzi wa kuchinja yuko tayari. Yeye asema, "Sitaki shule." Baba akasirika, adhani mwanawe ni mvivu wa masomo. Mama ajua sababu, lakini anyamaza. Sababu ni kitanda. Kijana aona afadhali ashike jembe maisha yake yote kuliko kulala chumba kimoja na wenzake 40, na kuchekwa asubuhi. Hiyo ndiyo hasara tunayotaka kuizuia: mtu kupoteza shule, kazi au ndoa kwa ajili ya jambo linaloweza kutunzwa.

Kwanza tuondoe kosa kubwa. Kijana huyu si mvivu, si mchafu, wala hafanyi kusudi. Aliyelala atafanyaje kusudi? Usiku ukiingia, ubongo hutoa kwa wingi kemikali inayoziambia figo zipunguze mkojo. Kwa watu wengine kemikali hiyo huwa haba, basi mkojo huja mwingi kama wa mchana. Wengine kibofu chao hushika kidogo. Tena usingizi wao hauvunjwi na kibofu kilichojaa: kibofu chapiga hodi, mwenye nyumba hasikii.

Jambo hili hufuata damu ya ukoo. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, watoto wake wapatao 4 katika 10 huweza kuwa hivyo. Wakiwa wazazi wote wawili, hufika 7 au 8 katika 10. Basi wewe baba unayeshika fimbo, muulize mama yako kwa siri wewe mwenyewe ulikuwaje.

Tena kijana huyo hayuko peke yake. Katika watoto 100 wa miaka 5, wapatao 15 hukojoa kitandani. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua, lakini kati ya vijana na watu wazima hubaki kama 1 au 2 katika kila 100. Katika shule yenye wanafunzi 400, huenda wako 4 hadi 8, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uliye mkavu usicheke.

Wazazi, acheni mambo matatu. Acheni fimbo, kwani fimbo haiponyi kibofu. Huongeza hofu tu. Msiruhusu wadogo zake wamwimbie nyimbo za kikojozi. Wala msimnyime maji mchana kutwa, maana mkojo mchache na mkali hukisumbua kibofu, tena hukizoeza kushika kidogo.

Sasa kijana, nasema nawe.

Kunywa maji ya kutosha asubuhi na mchana, kisha upunguze katika muda wa saa mbili kabla ya kulala. Jioni acha chai, kahawa na soda, na chakula chenye chumvi nyingi kitakachokutia kiu. Mchana usijizuie, nenda haja ndogo kila baada ya saa mbili au tatu. Usiku nenda mara mbili, mara moja unapojitayarisha kulala na mara ya pili unapopanda kitandani. Kula mboga za majani, maharage na mapapai upate choo laini, kwa kuwa choo kigumu hukibana kibofu. Kama choo cha nyumbani kiko mbali na giza ni nene, weka chumbani kopo lenye kifuniko, na tochi karibu. Wako wanaoamka nusu nusu, wakaogopa kutoka nje, wakalala tena, yaliyofuata wayajua. Nanyi watu wazima, pombe ya jioni hufanya mabaya mawili pamoja: huongeza mkojo na hufanya usingizi kuwa mzito.

Kitanda nacho kina taratibu zake. Nunua sokoni nailoni nene, ifunike godoro lote na kukunjwa chini yake. Tandika shuka, na juu ya shuka weka khanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, mahali pa kiuno. Weka nyingine kavu kando ya mto, pamoja na nguo ya kubadili. Ukiamka umelowa, ondoa ile mbichi, itie katika ndoo yenye kifuniko, tandika kavu, ulale. Asubuhi suuza kwanza kwa maji baridi, kisha fua kwa sabuni na kuanika juani. Jioshe kwa sabuni toka kiunoni hata mapajani, jikaushe vizuri, upake mafuta ya mgando kidogo ngozi isichubuke. Kumbuka, kinachotoa siri ya mtu si maji, ni harufu.

Kazi hii uifanye mwenyewe. Si adhabu, bali ndivyo mtu anavyoshika siri yake kwa mikono yake. Kazi ya mama ni kuhakikisha sabuni haikosi, na kutouliza kila asubuhi, "Leo vipi?"

Wa bweni naye ana njia. Kabla ya siku ya kufungua shule, mzazi na azungumze faraghani na matroni au patroni, mtu mmoja tu. Aombe kitanda cha chini, karibu na mlango, na ruhusa ya kijana kutoka usiku na kuamka kabla ya wenzake. Nailoni ikikaa chini ya shuka, na blanketi likiwa la rangi nzito, hapana ajuaye. Kwa safari, au kwa msiba ambako watu hulala pamoja kwenye mikeka, maduka ya dawa mjini huuza nepi za watu wazima. Kuvaa moja usiku chini ya nguo si aibu kuliko kukataa kumzika ndugu yako.

Na uliye na mchumba, mwambie kabla ya harusi, kwa kinywa chako mwenyewe, mkiwa wawili. Ajuaye mapema huwa msaidizi. Agunduaye usiku huona amedanganywa.

Je, pana tiba? Ipo. Mwaka 1938 huko Marekani, mtu na mkewe, Hobart na Willie Mae Mowrer, waliandika habari za kitambaa kinacholia kengele mara kinapolowa. Mlalaji huamka, na kidogo kidogo ubongo hujifunza kusikia hodi ya kibofu. Chombo cha namna hiyo chatumika hata leo, nacho hutaka uvumilivu wa miezi miwili mitatu. Iko pia dawa ya vidonge iitwayo desmopresini, inayofanya kazi ya ile kemikali ya usiku. Hutolewa na daktari tu, naye atakuonya usinywe maji mengi baada ya kuimeza, maana yaweza kudhuru. Kama hivyo viwili viko mbali nawe, tega saa au simu ikuamshe mara moja usiku. Hakutakuponya, lakini kutaokoa shuka.

Walakini yako mambo yasiyongoja. Mtu aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, aende zahanati. Akiwa na kiu kubwa, akikojoa sana na kukonda, aende siku hiyo hiyo, maana huenda ni kisukari. Mkojo wenye damu, hasa kwa waogao ziwani na madimbwini, huenda ni kichocho. Mkojo unaochoma ni dalili ya ugonjwa wa njia ya mkojo. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, anayelegea miguu, na mwenye selimundu, wote wamwambie mganga. Na mtoto aliyeanza ghafla baada ya kufiwa, au anayemwogopa mtu fulani, aulizwe kwa upole, kwani huenda ametendewa ubaya.

Mama aliyepata uchungu mrefu wa uzazi, na tangu hapo mkojo wamtoka mchana na usiku, ugonjwa wake ni mwingine. Huo ni fistula, nao hutibiwa kwa kupasuliwa. Kwetu Tanzania hospitali ya Bugando, Mwanza, na ya CCBRT, Dar es Salaam, zimetibu wanawake wengi wa namna hiyo. Asifichwe nyumba ya nyuma. Mficha uchi hazai.

Ukifika kwa mganga usizungukezunguke. Sema, "Nakojoa kitandani, tangu mwaka fulani, mara kadha kwa juma." Yeye amekwisha kuyasikia hayo kwa wengine. Majuma mawili kabla ya kwenda, andika katika daftari usiku mkavu na usiku uliolowa, nalo litamsaidia kuliko maneno mengi.

Basi yule mbuzi asirudishwe zizini. Kijana na aende shule. Katika sanduku lake, chini ya madaftari, muwe na nailoni iliyokunjwa vizuri, khanga mbili na mche wa sabuni. Baba asipojua la kusema, na asimame mlangoni, amshike mwanawe mkono, amwambie, "Nenda, mwanangu. Tumekwisha kusema na matroni." Hayo yatatosha.